Wageni wa Ua wa Mnespera

Jumatatu, 21 Aprili

Naanza kuandika kwa sababu Evaristo ana masikio mazima kuliko mapafu. Nikinung'unika jikoni ananisikia kitandani, na kila nikilalamika hudhani namlalamikia yeye. Basi manung'uniko yangu yatakaa humu, kwenye daftari nililonunua niandikie mapishi na ambalo sikuwahi kuandika hata pishi moja.

Daktari amemrudisha nyumbani. Alisema kwa ile sauti yao ya upole inayochoma: "Mpeni anachopenda." Anachopenda Evaristo ni hewa. Nimewaomba majirani tukasogeza kitanda mpaka dirishani, ghorofa ya kwanza, juu ya mnespera wetu, ule mti wa matunda madogo ya njano. Mume wangu alikuwa fundi bomba. Hakuna jiko uani hapa ambalo hajalala chali chini ya sinki lake, na mara nyingi alilipwa kwa kikombe cha kahawa. Sasa analala chali siku nzima na hakuna anachotengeneza.

Ameniomba jambo moja. "Otilia, nifie hapa hapa, nikisikia watu wanachambana kama kawaida yao. Nikishaondoka, mnyamaze kidogo kwa ajili yangu. Kidogo tu." Nikamwambia aache upuuzi, ale supu. Lakini moyoni nimemwahidi.

Alhamisi, 24 Aprili

Nespera zimeiva. Anibal wa chini amechuma zote za upande wa jua bila kuuliza mtu, kama kila mwaka. Mwizi wa matunda mwenye kodiani.

Jumapili, 27 Aprili

Telmo amekuja na keki na habari. Huyu ni mtoto wetu wa ubatizo. Mama yake alikuwa akisafisha maofisi usiku, kwa hiyo Telmo alikula mezani kwetu tangu hafikii meza mpaka alipoota ndevu. Mama alipofariki, mwenye nyumba alichukua kile chumba chao cha ngazini, na sasa anakipangisha kwa wapita njia, wa leo si wa kesho. Telmo anaishi ng'ambo ya mto. Kila asubuhi anavuka kuja kuwatembeza watalii katika mji ambao yeye mwenyewe hana pa kulala.

"Baba, wageni siku hizi wameshiba minara," alimwambia Evaristo. "Ngome wameiona, kanisa kubwa wameliona. Wanataka mahali ambapo wageni wenzao hawajafika."

"Wapeleke bafuni kwangu," nikasema. "Huko hajafika mgeni yeyote."

Evaristo alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Telmo akamshika mgongo, akamnywesha maji, akafanya hivyo vizuri, kwa mkono wa mtoto aliyelelewa. Halafu akasema alichokuja kukisema: awe analeta watu wachache uani kwetu, asubuhi tu, watu wastaarabu, waone jinsi Lisboni ilivyokuwa ikiishi.

"Ilivyokuwa?" nikauliza. "Kwani sisi tumekufa?"

"Mama, wewe nawe."

Evaristo akasema waje. Tangu aumwe hakuna aliyemtazama isipokuwa manesi, alisema, na hao huitazama mashine.

Ijumaa, 2 Mei

Wamekuja. Walinong'ona kama wako kanisani. Walitazama vigae, walitazama mti, walitazama kamba za nguo, na mama mmoja akazipiga picha chupi zangu kwa heshima kubwa. Evaristo alikuwa amenyoa ndevu. Aliwapungia mkono kutoka dirishani, nao wakampungia, akafurahi.

Zulmira wa mbele yetu, rafiki yangu tangu tulipohamia hapa tukiwa maharusi, akatoka na chupa ya ginja, pombe yake tamu ya cheri, na vikombe vidogo. "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" akanikonyeza. Alipona kweli, chupa nzima iliuzika. Nami nilicheka.

Jumanne, 6 Mei

Telmo alinialika nifuatane na kundi lake nijionee. Evaristo akanisukuma: "Nenda, utanihadithia." Zulmira akakaa naye.

Tulianza kwenye mabirika ya kufulia ya mtaa, kule bondeni. Mama yangu alifulia pale shuka za watu mpaka vidole vikapinda. Telmo akawaambia wageni kwamba wanawake wa zamani walikuwa wakifua huku wakiwaimbia waume zao walioko baharini.

Nikamvuta shati. "Wakiimba nini? Walikuwa wakitukanana kwa kugombea kamba. Na waume zao walikuwa baa."

"Mama, nikiwaambia hivyo hawarudi."

Kisha akatupeleka kwenye ile ngazi nyembamba yenye vigae vya bluu ambavyo, alisema, hata wenyeji wengi hawavijui. Tunavijua. Ndipo walevi wanapokojolea. Wageni walivipapasa kwa viganja, na mmoja akavibusu. Nilitaka kumwambia, nikaona tayari amechelewa.

Mwisho wa safari tukaingia kwetu. Nilipita langoni nikiwa katikati ya wageni, na nikauona ua wetu kama wanavyouona wao: mti umejaa matunda, ngazi zimechakaa katikati kwa miguu ya watu, nguo juani, na mzee dirishani. Nimeishi hapa ujana na uzee na sikuwahi kusimama kuutazama. Niliuona mzuri. Hilo lilinikera kuliko yote.

"Umeona nini?" Evaristo aliniuliza.

"Nimeiona nyumba yetu. Na mzee mmoja dirishani."

"Mzuri?"

"Wa kawaida."

Jumatano, 14 Mei

Sasa ni makundi mawili, asubuhi na alasiri.

Jumamosi, 17 Mei

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo mmoja alifungua mlango wangu wa jikoni, akapita kwenye sufuria zangu, akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha ngazi. Akanishukuru, akapiga picha ya supu.

Jumanne, 20 Mei

Usiku mbaya, na mchana mbaya zaidi. Alasiri ndio wakati pekee usingizi unapomshika, na ndio wakati wanapokuja, viatu vyao vikigonga mawe, wakiambiana "ooo" na "aaa". Evaristo amesema, bila hasira: "Otilia, hao waambie nimechoka kupunga."

Nikashuka. Nilimkuta Telmo anaagana na watu wake chini ya mti.

"Mwanangu, baba yako hapati usingizi."

Alibadilika rangi. "Kwa nini hukuniambia? Mama, kuanzia leo, baada ya chakula cha mchana simleti mtu. Naapa kwa marehemu mama."

Nilimwamini, na ningemwamini hata bila kiapo.

Ijumaa, 23 Mei

Alasiri kimya. Alilala kama mtoto.

Jumatatu, 26 Mei

Telmo ametimiza neno lake, lakini nani aliyejali? Alasiri kumeingia kundi la kijana mwingine, mwenye mwavuli wa njano, na baada yake mwanamke mwenye kipaza sauti kilichofungwa mdomoni. Wamemuiga. Mahali pakishajulikana kwamba hapajulikani, kila mtu anataka kupajua.

Nimemwambia Zulmira tufunge lango mchana. Akanitazama kama nimemtukana Mtakatifu Antoni mwenyewe. Ni kweli ada yetu ni hiyo: kuanzia Mei mosi hadi siku ya Mtakatifu Petro lango letu haliguswi, ili mtakatifu akipita alikute wazi. Sababu pekee ya kulirudisha ni msiba. Mtu wa uani akifa, upande mmoja wa lango hufungwa, redio huzimwa, na hapapigwi muziki wala hapachomwi kitu mpaka misa ya siku ya saba.

"Tufunge lango na hakuna aliyekufa?" Zulmira akasema. "Utaleta mkosi, Otilia."

Nikamuuliza kama huo mkosi unaogopa nyumba yenye mgonjwa au unaogopa biashara ya ginja. Akaenda zake. Nadhani nilikosea kusema vile. Nadhani pia sikukosea.

Jumapili, 1 Juni

Kikao cha sherehe, chini ya mti kama kila mwaka. Kila mwaka tunagawana kazi: nani sadini, nani mkate, nani mapambo ya karatasi, nani kodiani, na motoni ni Evaristo. Safari hii Telmo alisimama, ametoka jasho, akasema ana wazo. Mkesha wa Mtakatifu Antoni, tarehe kumi na mbili, mitaa yote imejaa watalii wanaokanyagana. Yeye anaweza kuleta watu wachache wenye uwezo, wakae nasi, waule usiku huo kama tunavyoula sisi. Watalipa vizuri. Ngazi zetu zitatengenezwa.

"Sherehe yetu tuiuze?" Anibal akauliza. Hasemi sana, na akisema husema kama anatema kokwa.

"Si kuuza, ni kualika," Telmo akasema.

"Mimi sijawahi kumwalika mtu kisha nikamdai."

Wakaanza kelele wote. Ndipo sauti ikatoka juu dirishani, nyembamba lakini ya Evaristo: "Wacheni waje! Mradi tu msiunguze sadini." Watu wakacheka, wakapiga makofi, mambo yakaisha. Nilimwona Zulmira akifuta machozi. Mimi nilikuwa nikihesabu pumzi alizotumia kusema maneno yale.

Jumapili, 8 Juni

Telmo amemletea baba yake mrehani wa Mtakatifu Antoni, kwenye chungu kidogo, na ua la karatasi limechomekwa. Evaristo akaweka kiganja juu ya majani, akakinusa kiganja. Mrehani haunuswi kwa pua, hunyauka. Hata mtoto wa Lisboni anajua. Alikaa na mkono usoni muda mrefu.

"Ngazi zitatengenezwa kweli?" akamuuliza Telmo.

"Kweli, Baba."

"Basi mabomba yakiguswa, usimwite fundi mwingine. Hayo ni yangu."

Telmo alitoka mbio, nikamsikia anapenga kamasi ngazini.

Jumatano, 11 Juni

Amefariki leo asubuhi, kabla ya kundi la kwanza.

Nilikuwa nimemwosha. Uani Zulmira alikuwa anamfokea mtu wa mkaa kwamba gunia halijajaa, na Evaristo akatabasamu, akasema, "Anamwibia yeye au anaibiwa?" Nikasema sijui, huenda wote wawili. Nikageuka kuchukua taulo. Nilipogeuka tena alikuwa bado anatabasamu, lakini hayupo.

Nilikaa naye. Sikuita mtu. Nilitaka awe wangu kidogo kabla hajawa wa majirani. Baadaye nikamfumba macho, nikaenda dirishani nikasema, "Zulmira, zima redio." Hakuuliza kwa nini. Aliacha mkaa, akapanda ngazi mbili mbili, na miguu yake ile mibovu, akanikumbatia tukalia kama mabinti. "Tutanyamaza, dada yangu," aliniambia. "Siku saba, kama ada. Ua mzima utanyamaza."

Watu wa mazishi walikuja mchana. Ngazi ni nyembamba, ikabidi wamwinamishe, na mimi nyuma nikisema "polepole, polepole", kama vile ataumia. Tulipotokea uani, kijana wa mwavuli wa njano alikuwa katikati ya watu wake. Alishusha sauti lakini hakuacha kueleza. Bwana mmoja akainua simu. Bibi mwenye nywele nyeupe na pua iliyobabuka kwa jua akamshusha mkono kwa nguvu, kisha akavua kofia, akainama. Sijui ni wa nchi gani. Mungu amzidishie.

Na aliyeenda kufunga upande mmoja wa lango, bila kuambiwa, alikuwa Anibal.

Alhamisi, 12 Juni

Naandika yote, nisije nikajidanganya baadaye kwamba haikuwa hivi.

Asubuhi Zulmira aliniletea kahawa. Aliiweka mezani, hakukaa.

"Otilia, dada yangu, nina neno."

"Sema."

"Sadini zimeshaletwa."

"Warudishie."

"Barafu inayeyuka. Hawazipokei." Alikuwa anakunja aproni yake, anaikunjua. "Na mkate umeshaokwa. Na watu wa Telmo wametoka mbali."

Nilikuwa sijaelewa bado. Ubongo wa mfiwa ni mzito. Nilidhani anataka ushauri wa samaki.

"Evaristo mwenyewe alisema waje," akaendelea. "Sote tulimsikia. Yeye angependa tufanye. Angefurahi."

"Maiti haulizwi sanda, Zulmira. Nyinyi mmemuuliza habari za sadini, akajibu?"

"Usinichambe. Si kwamba yuko humu ndani. Yuko kanisani, amepumzika. Tutapiga muziki wa chini."

"Mama yako alipofariki Juni ile, nani alizima moto?"

Akatazama sakafu. Anajua. Mkaa ulikuwa umeshashika, sadini zimeshatiwa chumvi, na Evaristo ndiye aliyemwaga ndoo ya maji juu ya moto aliouwasha mwenyewe. Usiku ule tulikula mkate na zeituni, na paka wa mtaa mzima wakala samaki wetu. Zulmira alimbusu mikono.

"Zamani hizo tulikuwa peke yetu," alisema hatimaye. "Leo kuna watu wamelipa."

Nikamwambia atoke. Kahawa yake niliimwaga.

Baada yake akaja Telmo, macho yamevimba, machozi ya kweli, simsingizii. Alipiga magoti kitandani, pale alipokuwa baba yake, akalaza uso kwenye godoro.

"Mama, nimewapigia simu. Nusu yao hawapatikani. Waliobaki wameshatua. Nikiwafungia mlango wataniandika mtandaoni kwamba mimi ni tapeli, na kazi yangu ndiyo imekwisha. Nitakula wapi?"

"Ulikula hapa."

"Najua, Mama. Najua nilikula hapa."

"Aliomba kitu kimoja. Tunyamaze kidogo. Kidogo, Telmo. Hakuomba mwaka."

"Tutanyamaza kesho. Tutanyamaza wiki nzima, mwezi, utakavyo. Leo tu." Akanishika mikono. "Na wewe utakuwa kanisani. Hutasikia kitu."

Nafikiri nikisahau yote ya leo, hilo sitalisahau. Hutasikia kitu. Kama vile nilikuwa nikiombea masikio yangu.

Kanisani, chumba cha maiti ni kidogo na kina baridi. Majirani walipita wawili wawili, wakabusu paji la uso la Evaristo, wakaondoka upesi. Walinuka mkaa. Zulmira alikuja mikono imemetameta magamba, akakaa kwa muda wa Salamu Maria moja, akaenda. Sikumlaumu hata kwa jicho. Nilitazama tu jinsi ilivyokuwa shida kwake kutembea polepole.

Anibal alikuja na suti ya harusi ya mtu mwingine, akakaa, na hakuondoka. Hakuja na kodiani.

"Hupigi leo?" nikamuuliza.

"Mkono unauma."

Vidole vyake vilikuwa vinapigapiga goti, vizima kabisa. "Mkono gani?"

"Yote."

Miaka yote nimemsalimia huyu mtu kwa pembe ya mdomo kwa ajili ya nespera.

Jioni, jua halijazama, mlinzi wa kanisa akasema anafunga. Tulipanda kilima mimi na Anibal katikati ya moshi na nyimbo za mitaa mingine. Nikawa najiambia: pengine wamebadili nia. Pengine nitakuta upande mmoja umefungwa, na giza, na Zulmira kwenye ngazi ananisubiri.

Pande zote mbili zilikuwa wazi. Langoni amesimama msichana wa kuajiriwa, mzuri, mwenye kibao cha kompyuta kifuani.

"Samahani, mama. Bangili?"

"Bangili gani?"

"Ya karatasi, ya kuingilia. Leo ni shughuli ya walioalikwa tu."

"Huyu anaishi hapa," Anibal akasema.

"Jina lake lipo?" Akaanza kutelezesha kidole kwenye kioo chake, masikini, akinitafuta.

Nikamwonyesha dirisha. Walikuwa wamefunga taa za karatasi kuanzia kwenye mti hadi kwenye ndoano ya dirisha langu, lile lile, na nyuma ya taa kilionekana kitanda. "Nipo pale," nikamwambia. Sijui aliona nini usoni kwangu, akasogea pembeni, akasema samahani, samahani sana.

Ndani, muziki wa spika badala ya kodiani. Watu walikuwa wanacheza. Sina la kusema juu yao, hawakujua. Mwanamke mmoja kijana aliniona katika nguo zangu nyeusi na kitambaa kichwani, akapiga kelele ya furaha, akaja kunikumbatia bega, na mwenzake akatupiga picha. Nami nilisimama. Nilisimama nikapigwa picha. Nadhani ni kwa sababu siku nzima ya leo yeye peke yake ndiye aliyenikumbatia bila haraka.

Zulmira alikuwa motoni, mahali pa Evaristo. Aliniona. Akageuza sadini ambazo zilikuwa hazijafika wakati wa kugeuzwa.

Nimefunga dirisha. Moshi unaingia vilevile.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekuta mlangoni sahani ya sadini imefunikwa kitambaa safi. Nimewapa paka.

Jumamosi, 14 Juni

Tumemzika. Walikuja wote, wamepiga pasi. Telmo alibeba jeneza mbele, akalia kwa sauti mpaka padri akasita. Asante ya punda ni mateke, nilikuwa nikijisemea njia nzima, na bado alipojikwaa kaburini mkono wangu ulitaka kumdaka kama alipokuwa mdogo. Niliukunja nikauweka mfukoni.

Jumatano, 18 Juni

Misa ya siku ya saba. Mimi na Anibal mbele, Zulmira nyuma kabisa karibu na mlango. Wengine walikuwa na makundi. Padri alimtaja mume wangu kwa jina la Everardo, mara mbili.

Jumanne, 24 Juni

Zulmira amebisha. Sikufungua. Tulisemezana mlango ukiwa katikati.

"Utaninyima salamu mpaka lini, Otilia?"

"Mpaka nisahau."

"Tumetoka mbali mimi na wewe."

"Ndiyo maana."

Alikaa ngazini, nikamsikia anapumua. Alisema fundi wa ngazi anakuja Jumatatu. Alisema usiku ule hakula hata samaki mmoja. Namwamini. Halafu akasema wote sasa wanaona aibu kumtaja Evaristo mbele yangu, hawajui waanzie wapi. Nikamwambia waanzie kwenye E. Akateremka.

Ijumaa, 27 Juni

Nilikuwa napiga deki nikamsikia Telmo chini ya dirisha na watu wake. Nilidhani atapita kama anavyopita tangu msiba, kichwa chini. Leo alisimama.

"Lile dirisha la kijani," alisema, "ni la fundi bomba aliyeitwa Evaristo. Ndiye aliyekuwa akichoma sadini za ua huu kila Juni. Mwaka huu alifariki sherehe ikiwa kesho. Wosia wake ulikuwa mmoja: msizime moto. Basi ua mzima ukamwimbia mpaka alfajiri, na mjane wake, katika nguo zake nyeusi, akasimama na wageni, akawakumbatia."

Mtu mmoja akavuta kamasi, na wengine wakapiga makofi, taratibu, makofi ya adabu.

Kufa kufaana. Nilisikia damu imenipanda mpaka machoni. Nilibeba ndoo ya maji ya deki, maji meusi, nikaiweka juu ya kizingiti cha dirisha, nikafungua. Telmo aliinua uso akaniona. Hakukimbia. Alisimama pale chini akisubiri maji.

Ndipo mgeni mmoja, mzee, akamuuliza: "Anaitwa nani tena?"

"Evaristo," Telmo akasema, akinitazama mimi.

Nao wakalirudia, kila mmoja na ulimi wake mbovu, wakijaribu kulipatia. Evaristo. Evaristo. Uani mwangu, kwa sauti, jina lake. Ndoo ilinielemea mikononi, nikairudisha sakafuni.

Jumapili, 29 Juni

Mtakatifu Petro. Leo ndio siku ya kufunga lango, na wamepiga kura liwe wazi mwaka mzima. Anibal peke yake alikataa. Mimi sikushuka.

Zulmira hamtaji. Anibal huja jioni, hukaa, naye si mtu wa maneno. Padri nimeshasema. Mwenyewe nikilitamka jina lake humu ndani linasikika kama naita mtu aliyeko chumba cha pili, nami nanyamaza upesi.

Sijamsamehe Telmo, na aliyoyasema chini ya dirisha langu ni uongo mtupu, neno kwa neno, isipokuwa moja. Lakini jana na leo, kundi lake lilipokaribia, niliacha supu motoni. Nilifungua dirisha kiasi cha kidole, nikakaa kitandani kwa mume wangu, nikamsubiri yule mwongo afike kwenye jina.